Nusu Mbili za Benchi

Mimi ni fundi cherehani, na timu yetu siisomi kwenye redio, naisoma kwenye mishono. Msinibishie. Huu ni mwaka wa kumi na moja kila Jumatatu naletewa jezi za timu nizikague, nishone palipochanika, nikaze namba zilizolegea, kisha nizipige pasi. Bukta ikija imekwisha makalioni, najua mtu huyo alijitupa chini kuzuia mpira. Jezi ikija imevutika ubavuni, mpinzani alimshika akashindwa kumzuia. Na kola ikija imefumuka kwa nyuma, hapo kulikuwa na bao, tena bao la maana, kwa sababu mwenzako akikurukia kwa furaha hakushiki ubavu, anakukaba shingo.

Msimu uliopita sikushona kola hata moja.

Ile haikuwa timu, nawaambia ukweli, ilikuwa watu kumi na mmoja waliokutana uwanjani. Hata jezi zao zilifika kwangu zimenuniana. Kila mchezaji alituma ya kwake, ndani ya mfuko wake, imefungwa fundo lake, na ujumbe juu: mwambieni fundi aanze na yangu. Zilikuja na matope na jasho, nikawa naziloweka kwanza ndipo nizitie chini ya sindano, huku nikizungumza peke yangu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Na mkia wa ligi tuliushika tukaung'ang'ania utafikiri tumeandikiwa hati.

Sasa niwaambie habari ya benchi, maana bila benchi hamtanielewa.

Chumba changu cha kushonea na karakana ya kaka yangu, ambaye ni seremala, vimepakana ukuta kwa ukuta, na mbele yetu kuna kibaraza kimoja. Kaka amenizidi miaka sita. Yeye ndiye aliyenibeba mabegani uwanjani nilipokuwa mdogo ili na mimi nione, na yeye ndiye aliyenifundisha kumtukana refa bila kutumia tusi. Tulipopanga vyumba hivi alitafuta ubao mmoja mnene, mrefu, akatengeneza benchi la watu sita, akaliweka katikati ya kibaraza, nusu mbele ya mlango wake na nusu mbele ya wangu. Tawi letu la mashabiki lilizaliwa juu ya benchi hilo. Alikuja fundi saa wa ng'ambo ya barabara, ambaye tunamwita Dakika za Nyongeza kwa sababu, pamoja na saa zote zile zilizojaa ukutani kwake, hajawahi kufika popote kwa wakati. Alikuja muuguzi, anapotoka zamu, na viatu vyake vya mpira na sauti ya kunyamazisha wodi nzima. Wengine walikuja na kuondoka. Sisi wanne ndio tuliokuwa wa kudumu.

Basi wiki ya mwisho ya msimu uliopita tukafungwa mabao matano. Matano, na moja tulijifunga wenyewe. Kesho yake nahodha wa timu akapita kibarazani kuchukua jezi. Huyu nahodha ni beki, mtu mzima sasa, mashabiki wanamwita Ukuta, na alisoma darasa moja na kaka yangu, walikaa dawati moja tangu hawajajua kuandika majina yao. Kaka akamkaribisha. Mimi nilikuwa na hasira zangu za mabao matano, na mdomo wangu, kila anayenijua atawaambia, hauna breki. Nikasema mbele ya watu wote:

“Timu hii haitaacha kufungwa. Nahodha mwenyewe, jezi yake inarudi kwangu safi kuliko ilivyotoka. Hachafuki, hachaniki. Huyu anacheza mpira au anahudhuria harusi?”

Watu wakacheka. Nahodha hakucheka. Alisema, “Asante, fundi,” akachukua mzigo wa jezi akaenda zake.

Kaka akaniambia nimfuate nikamwombe radhi. Nikasema siendi, fundi hatungi maneno, nguo ndiyo inayosema. Akasema simjui yule mtu. Nikasema namjua sana, namjua kwa jezi yake. Tukapandishiana sauti pale mpaka wateja wa duka la pembeni wakatoka nje kusikiliza. Mwisho kaka akaingia karakana, akatoka na msumeno. Muuguzi alishtuka akasimama. Lakini kaka hakuwa na shida na mtu, shida yake ilikuwa benchi. Akawainua waliokaa. Akatoa tepe akapima, maana hata akiwa amechafukwa na roho seremala hakati bila kupima. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akapiga mstari katikati kabisa, akalikata. Alichukua nusu yake akaisogeza mlangoni kwake, na kwa kuwa sasa ilikuwa na miguu upande mmoja tu, upande wa pili akauegemeza kwenye matofali mawili. Nusu yangu nikaitilia kopo la rangi.

Tangu siku ile hatukusemezana. Miezi minane. Tulikuwa tunakaa hatua nne tu kati yetu, na tukitaka kuambiana jambo tunalipitishia kwa Dakika za Nyongeza. Mwambie kaka yangu vumbi lake la mbao linaingia kwenye kitambaa cha mteja. Mwambie dada yangu afunge dirisha. Maskini fundi saa wa watu, shingo ilimchoka kwa kugeuka huku na huku.

Na kitu kimoja kiliniuma kuliko vyote. Kaka alikuwa anatengeneza vitanda, milango, makabati ya watu asiowajua hata kwa sura, lakini ile nusu ya benchi hakuitia miguu. Kazi ya nusu saa kwake. Akaiacha juu ya matofali miezi yote hiyo, mtu akikaa vibaya inayumba. Nikasema moyoni, ananionyesha kwamba kitu tulichokuwa nacho pamoja hakina thamani hata ya vijiti viwili. Na mimi nikasema basi, kopo langu la rangi nalo litabaki hapo hapo.

Msimu mpya ukaja, na dirisha la usajili likafunguliwa. Tukasajili watatu. Kipa mmoja mwenye viganja vipana, tukamwita Sahani. Kiungo mmoja mfupi asiyeongea hata ukimkanyaga, tukamwita Kimya. Na mshambuliaji mwenye miguu ya kupinda, ambaye tulimcheka wiki mbili nzima, mpaka alipoanza kufunga ndipo tukagundua kwamba miguu yake ni mizuri sana.

Tukashinda mechi ya kwanza, tukasema bahati. Tukashinda ya pili. Ya tatu tukatoka sare ugenini na timu iliyotupiga matano, na siku hiyo Dakika za Nyongeza alifunga duka lake mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipooa.

Hapo mjadala ukaanza kibarazani, na haukwisha. Nini kimebadilika? Dakika alisema ni Kimya, kwa sababu ana akili ya kumpa mwenzake mpira badala ya kuutunza kama mtoto. Muuguzi alisema ni kipa. Alikuwepo uwanjani siku Sahani alipofungwa bao la kizembe, mpira ulimpita katikati ya miguu, na akaona timu nzima inamkimbilia kumnyanyua. Msimu uliopita, alisema, wangemtazama kama mtu aliyeingia na matope kwenye nyumba iliyopigwa deki. Mimi nilisema ni wote watatu, damu mpya, basi. Kaka alimwambia Dakika, kwa sauti ya kutosha ili na mimi nisikie, kwamba watu wanasahau kuna nahodha. Nikamwomba Dakika amwambie kaka yangu kuwa siku hizi macho yanatibika, aende hospitali. Muuguzi akasema tusimpelekee wagonjwa, wodi imejaa.

Kisha akatutazama, mimi huku na kaka kule, akasema, “Mnasifu timu kwa umoja, na ninyi wenyewe mmekalia nusu nusu.”

Kaka akarudi kwenye randa lake, mimi kwenye cherehani.

Jumatatu baada ya ushindi wa nne, kipa mwenyewe aliniletea jezi. Niliona mfuko mmoja, mkubwa, nikadhani mingine iko njiani. Akasema hakuna mingine. Nilipoufungua niliona jezi zote ziko humo zimechanganyikana, ya kipa na ya winga, ya mkongwe na ya mgeni, na hakuna ujumbe wa nani aanze. Nikazigeuza moja moja. Kola nne zilikuwa zimefumuka kwa nyuma. Nne! Jamani, nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani mpaka kaka akatoa kichwa karakana kuangalia kuna nini, halafu akakumbuka kwamba tumenuniana, akakirudisha.

Nilishona kola zile kwa furaha ambayo sijawahi kuishonea hata nguo ya bibi harusi. Ila nilipofika ya tatu nikahisi kitu. Jezi zilikuwa safi. Sikuwa nimeloweka hata moja. Zilinukia sabuni. Sasa mimi nilishakula kiapo mbele ya umma kwamba jezi safi ni ya mchezaji mvivu, na hapa nina jezi safi kumi na moja, nne zikiwa na kola zilizofumuka kwa kukumbatiana. Nikaona kuna kitu hakikai sawa. Lakini kazi ilikuwa nyingi, nikakiweka kando.

Wiki hiyo hiyo Dakika za Nyongeza akaja peke yake, akasimama mlangoni akichezea kofia. Nikamuuliza kaka amemtuma nini safari hii. Akasema hajatumwa. Akasema kaka amepata karakana kubwa upande wa pili wa mji, ameshamwarifu mwenye nyumba, na mwisho wa mwezi anahama. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumapili ya wiki ifuatayo.

Nikasema aende salama, mji ni mkubwa. Nikaendelea kukanyaga cherehani. Dakika alipoondoka nikakuta mfuko wa suruali ya mteja nimeushona mdomo ukafungwa kabisa, hata sarafu isingeingia. Nikaketi nikaufumua, na nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Yule ni kaka yangu. Sina mwingine. Kila asubuhi, hata katika kununa kwetu, nilikuwa nasikia randa lake ukutani najua amefika, mambo ni salama. Sasa upande ule atakuja kukaa mtu na duka la vifaa vya simu, na sisi tutakuwa ndugu wa kusalimiana misibani.

Lakini kumwendea nilishindwa. Ningemwambia nini? Kwamba nilikosea? Nilikuwa bado naamini sikukosea.

Jumatatu Sahani akaja tena na mfuko wake mmoja, na jezi zilikuwa safi tena. Uvumilivu ukaniishia. Nikamuuliza kama uwanja umetandikwa zulia siku hizi, au ni mimi ninayeletewa jezi ambazo hazikuchezewa. Akacheka, akavuta kigoda akaketi.

“Huko nilikotoka, ukivua jezi unaitupa, kesho unaikuta imefuliwa,” alisema. “Siku ya kwanza hapa nikaitupa vivyo hivyo. Nahodha hakusema kitu. Alichukua beseni, akakaa kwenye bomba, akaanza kufua ya kwake. Nikamwambia, si inakwenda kwa fundi? Akasema fundi hapelekewi nguo chafu, ni kumvunjia heshima. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Anafua hivyo miaka yote.”

Nikamwambia aendelee, ingawa kusema kweli nilitamani anyamaze.

Akanieleza kwamba Kimya, ambaye hakumjua mtu na hakuwa na pa kukaa, alikwenda akakaa karibu na nahodha, na kwa kuwa huwezi kukaa bombani ukitazama mwenzako anafua, akafua. Sahani naye akaenda. Yule wa miguu ya kupinda akaenda. Wachezaji wa zamani wakabaki wamesimama, wageni wote wameinama na nahodha, wao wanatazama. Wakaona aibu. Baada ya ule ushindi wa nne mabeseni hayakutosha. Sasa baada ya kila mechi wanakaa pale wote, na hapo ndipo wanapoambiana nani alichelewa kurudi, nani alinyimwa mpira, nani anamuonea nani. Jezi nzito ikilowa inahitaji watu wawili kuikamua, mmoja huku na mmoja kule. Sahani alisema ni vigumu sana kumnunia mtu mnayekamua naye.

Alipoondoka nilimwaga mfuko wote mezani nikaitafuta jezi ya nahodha. Miaka kumi na moja nimeipiga pasi jezi ya yule mtu. Niliikuta safi, nzima, kama kawaida yake. Nikafanya kitu ambacho fundi yeyote angekifanya siku ya kwanza, na mimi sikukifanya kwa kuwa sikuona tundu la kuziba: nikaigeuza ndani nje.

Kwapani kulikuwa na mshono ambao si wangu. Mshono wa mkono, mdogo mdogo, umenyooka, uzi mweupe wenye umanjano kidogo. Ubavuni mwingine. Chini ya namba, miwili. Ilikuwa imechanika mahali pengi kuliko jezi yoyote mezani, na mwenyewe alikuwa ameishona, kwa ufundi wa mtu aliyefundishwa na mtu anayejua, ili nisisumbuke. Na mimi nilimwambia anahudhuria harusi.

Nilishika tama pale mpaka pasi ikapoa.

Jumamosi tulicheza ugenini, kwa hiyo tulisikiliza redio kibarazani. Redio ilikuwa kwenye dirisha langu. Muuguzi na mimi tulikalia nusu yangu, kaka na Dakika za Nyongeza nusu yake, na mashabiki wengine wamesimama barabarani. Mlango wa karakana ulikuwa wazi, na ndani niliona makasha yamefungwa kamba, misumari huku, patasi kule, na ukuta aliokuwa anatundika misumeno ulikuwa mtupu. Kesho yake ndiyo Jumapili yenyewe. Sikusikia nusu ya kile mtangazaji alichosema. Tulifungwa bao moja, nikasikia watu wakiguna, basi.

Mapumziko yakafika. Mtangazaji akaachia muziki. Nikapiga moyo konde, nikasimama, nikapunguza sauti ya redio. Dakika za Nyongeza akanigeuzia shingo, akidhani kuna ujumbe wa kupeleka.

“Kaka,” nikasema.

Dakika akafunga mdomo. Kaka akainua macho. Miezi minane sikuwa nimemwita.

“Nilikosea. Jezi ya nahodha ilikuwa safi kwa sababu aliifua mwenyewe, ili asiniletee uchafu. Ilikuwa nzima kwa sababu aliishona mwenyewe. Na mimi ninayejiita fundi sikuigeuza hata siku moja. Nilimwaibisha mbele ya watu, nikakuaibisha na wewe. Uliniambia simjui, na kweli sikumjua. Naomba msamaha mbele ya watu walewale.”

Nikaishikilia tepe yangu ya shingoni. Nikawaeleza habari ya bomba na mabeseni, yote, kama nilivyoambiwa. Muuguzi alijipangusa uso kwa mkono wa sare yake. Watu waliosimama barabarani wakasogea karibu.

 Kaka aliinuka, nusu ya benchi ikayumba, Dakika za Nyongeza nusura aanguke nayo. Akaingia karakana. Tukamsikia anafungua kasha, akafungua jingine, akaburuta kitu. Nikajua ndio basi, anamalizia kufungasha.

Akatoka na randa, chupa ya gundi, bisibisi, na kipande cha ubao mgumu kwapani. Akanijia. Akamwinua Muuguzi, akaniondolea kopo la rangi kwa mguu, akabeba nusu yangu bila kuniomba ruhusa, akaipindua chali sakafuni karibu na ya kwake. Akapiga magoti, akaanza kulainisha pale alipokata kwa msumeno. Uso wake sikuuona.

Nikachuchumaa pembeni yake. Nikamuuliza kile kilichoniuma miezi yote, mbona hakuwahi kuitia miguu ile nusu yake, akaiacha juu ya matofali kama takataka.

Akaendelea kupiga randa kidogo, kisha akasimamisha mkono.

“Ningeitia miguu,” alisema, “yangekuwa mabenchi mawili.”

Nililia, tena sikulia kistaarabu. Kaka akanipa kitambaa alichofutia gundi, nikajipaka gundi shavuni, na Muuguzi akacheka mpaka akaketi chini. Kaka naye akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake, kinaanza puani.

Kipindi cha pili tulikisikiliza tukiwa tumeinama. Kaka alipaka gundi, akaunganisha, akaweka ubao wa kushikilia kwa chini, akatuamuru tushike bila kutikisika mpaka akaze skrubu zote. Yule wa miguu ya kupinda akasawazisha. Dakika za Nyongeza akaachia akaruka, benchi likapinda, kaka akamfokea kama refa. Tukashika upya. Dakika ya tisini ikapita, tukaongezewa tatu, na katika hizo tatu kona ikapigwa, naye nahodha, Ukuta mwenyewe, mtu mzima yule, akaipiga kichwa ikaingia. Hapo hakuna aliyeshika benchi. Kaka alinirukia akanikaba shingo, na nikasikia kola ya blauzi yangu inafumuka kwa nyuma.

Dakika za Nyongeza alitembea barabarani huku na huku akipokea pongezi, kana kwamba bao limefungwa kwa idhini yake.

Watu walipotulia, Muuguzi, ambaye haogopi kuuliza, akamuuliza kaka kesho anahama saa ngapi. Kaka akatazama benchi. Akasema haiwezekani kesho, gundi ya aina hii inataka muda, isisogezwe, isitikiswe. Muda gani? Akajikuna kichwa kwa penseli, akasema kwa benchi refu namna hii huenda ikachukua mwaka, labda na zaidi. Mimi nimekaa jirani na seremala miaka mingi na gundi ya hivyo sijaiona. Sikuuliza. Jioni ile ile tulimsaidia kutundika misumeno ukutani.

Jumatatu nilikuwa nimekaa mlangoni tangu asubuhi, nikisubiri mfuko. Nilimwambia Sahani mapema kwamba safari hii asije peke yake, na hakuja peke yake. Nahodha alikuja nyuma yake, amebeba mfuko mwenyewe, akanisalimia kama anavyonisalimia siku zote. Nilisimama. Maneno niliyoyapanga usiku kucha yalinikimbia yote, nikasema tu kwamba nimeigeuza jezi yake nimeona, na kwamba nimemkosea sana.

Alinitazama kidogo. “Mama yangu alikuwa mkali kuliko wewe,” alisema. “Angeona mshono wangu angeniambia nifumue.”

Nikamwambia mama yake asingefumua kitu, ile kazi ni safi. Akainamisha kichwa, nikaona amefurahi.

Kaka akatoka karakana akamshika rafiki yake mkono, hakuuachia. Akamvuta mpaka kwenye benchi. Limesimama katikati ya kibaraza sasa, pale pale pa zamani, nusu kwake nusu kwangu, na mstari wa kiungo unaonekana, kaka hataki kuupaka rangi. Muuguzi alikuwa ameshakaa, ametoka zamu. Dakika za Nyongeza alikuwa ameshakaa, amewahi, tukashangaa wote. Sahani akakaa na mabega yake. Kaka akakaa, nikakaa. Akabaki nahodha, na nafasi ya mtu wa sita ilikuwa nyembamba, akaketi nusu, mguu mmoja nje.

Kaka akaona aibu, akatoa tepe akapima. Akasema msumeno ulikula ubao upana wa kidole kimoja, na randa likala kingine. Benchi limepungua vidole viwili, na ubao wa kuvirudisha haupo.

“Sogeeni,” nikawaambia.

Tukasogeleana, nahodha akakaa vizuri, na Dakika za Nyongeza akaanza kueleza upya jinsi kona ile ilivyopigwa.